Kabla ya kununua kopo la vitamini, jua kilichopungua

Mwaka 1995, jijini Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Harvard walianza kuwapa vidonge vya vitamini wajawazito 1,078 wenye VVU. Wakati huo ARV zilikuwa bado hazijamfikia mgonjwa wa kawaida. Kundi moja lilipewa mchanganyiko wa vitamini za B, C na E, jingine vitamini A, jingine vyote kwa pamoja, na la mwisho kidonge kisicho na vitamini yoyote. Majibu ya 1998 yalionyesha kwamba kwa waliomeza ule mchanganyiko, vifo vya watoto tumboni vilipungua kwa asilimia 39, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Wanawake hao waliendelea kufuatiliwa. Kufikia 2004, waliofika hatua ya nne ya ugonjwa au kufariki walikuwa asilimia 24.7 katika kundi la mchanganyiko, na asilimia 31.1 katika kundi lisilopata vitamini. Vitamini A, ambayo wengi waliitegemea, haikusaidia. Iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kisha ARV zikaja. Katika jiji lilelile wagonjwa 3,418 waliokuwa wanaanza ARV walipewa multivitamini, wengine dozi ya kawaida, wengine dozi kubwa. Safari hii dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuzorota kwa ugonjwa. Kilichoongezeka ni vipimo vya ini kupanda, na mwaka 2009 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Nimeanza na Dar es Salaam kwa sababu swali la "je, nahitaji vitamini?" huulizwa dukani kana kwamba lina jibu moja. Hapa jiji lilikuwa lilelile na ugonjwa uleule, lakini jibu liligeuka mara hali ya mwili wa mgonjwa ilipogeuka. Kidonge cha vitamini kina kazi moja ya maana: kuziba pengo. Penye pengo kinaweza kuokoa maisha. Pasipo na pengo, kilichozidi hutoka na mkojo, au hubaki mwilini na kuumiza.

Mtu mzima asiyeumwa

Ndiye mnunuzi mkubwa, na ndiye asiyehitaji. Nazungumzia mtu anayekula ugali, wali au ndizi, maharage au dengu, mboga za majani karibu kila siku, matunda, na samaki, dagaa, mayai, maziwa au nyama mara kadhaa kwa wiki. Mwaka 2024 wachambuzi wa Marekani waliangalia taarifa za watu wazima 390,124 wasio na magonjwa sugu, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Waliokuwa wakimeza multivitamini kila siku hawakuishi zaidi ya wasiomeza. Utafiti wenye majibu mazuri kuliko mengine, uliofanywa kwa madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, uliona saratani kwa jumla ikipungua kwa asilimia 8 baada ya zaidi ya miaka kumi ya kumeza, huku maradhi ya moyo yakibaki palepale. Ni faida ndogo, na siwezi kumshauri mtu aache kununua mayai ili aipate.

Dozi kubwa ya vitamini mojamoja ndiyo yenye hatari. Nchini Finland wanaume wavuta sigara 29,133 walishiriki utafiti wa beta-karotini, ile rangi inayoifanya karoti iwe ya chungwa, na vitamini E. Waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti kama huo wa Marekani ulikatizwa 1996 kwa sababu hiyohiyo. Karoti na viazi lishe havina kosa, mvuta sigara na ale. Vidonge vya beta-karotini asiviguse. Vitamini E nayo, uniti 400 (kwenye lebo huandikwa IU) kwa siku, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 katika utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000.

Vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji inapendwa sana, kwa hiyo niseme hesabu yake. Mwanamume anahitaji miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75. Pera moja la kawaida lina zaidi ya miligramu 100. Kidonge cha miligramu 1,000 kinabeba mahitaji ya siku kumi na moja, na mwili hauweki akiba ya kiasi hicho. Kuhusu mafua, kinachojulikana ni kwamba watu wanaoimeza kila siku wanaugua mara zilezile kama wengine, ila mafua yao yanafupika kwa takriban asilimia 8, yaani kama nusu siku kwa mafua ya wiki nzima. Kuanza kuimeza baada ya pua kuanza kutiririka hakujaonyesha faida ya kueleweka. Ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, na kwa wanaume dozi kubwa za muda mrefu zimehusishwa na mawe ya figo. Dripu za vitamini za mjini ni suala lilelile kwa bei kubwa zaidi, tena na sindano kwenye mshipa.

Mjamzito, na anayepanga kuwa mjamzito

Hapa sina mjadala: kidonge kinahitajika. Tatizo ni muda wake.

Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba itungwe. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au fuvu na ubongo visiumbike. Siku ya 28 mama wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona siku zimepita. Kwa hiyo asidi ya foliki inayoanza kliniki mwezi wa nne haiwezi tena kufanya kazi hiyo. Kiasi ni mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji miligramu 4 hadi 5, kwa maelekezo ya daktari.

Sasa angalia jambo linaloharibika mara kwa mara. Katika maduka mengi ya dawa kidonge cha asidi ya foliki kilicho rahisi kupatikana ni cha miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya mahitaji. Mjamzito huyohuyo, miezi mitatu ya kwanza ikishapita, anapewa kliniki SP ya kumkinga na malaria. SP inafanya kazi kwa kumnyima kimelea foleti, yaani foliki ya asili. Ukimeza miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku, unamlisha kimelea kile ambacho SP inamnyima, na kinga inadhoofika. Dozi ya 0.4 haina shida hiyo. Kwa hiyo kama umenunua mwenyewe vidonge vya miligramu 5, mwambie muuguzi kabla ya kumeza SP. Mama mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana yeye mara nyingi yuko kwenye miligramu 5 tangu utotoni; asiache mwenyewe na asinyamaze, kliniki ipange kinga yake.

Kidonge cha kliniki, kile kinachoitwa FEFO Tanzania na IFAS Kenya, kina pia madini ya chuma. Wengi wanakiacha kwa sababu tatu: kichefuchefu, choo kigumu na choo cheusi. Choo cheusi hakina madhara, ni chuma ambacho hakijafyonzwa. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku baada ya kula, ingawa chuma kinafyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Afadhali kinachofyonzwa pungufu kuliko kilichobaki kwenye pakiti. Adui halisi ni chai. Chai na kahawa hukishika chuma tumboni kisiingie kwenye damu, maziwa nayo hupunguza. Chai ya maziwa ya saa moja asubuhi pamoja na kidonge ni njia ya kumeza miezi sita bila damu kupanda. Acha saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake, na ukipata chungwa, ndimu au ukwaju, kunywa nacho hicho.

Kama kliniki yako ina kidonge cha virutubishi vingi kwa wajawazito, ni kizuri. Dar es Salaam imetoa ushahidi hapa pia: mwaka 2007 yalitolewa majibu ya utafiti wa wajawazito 8,468 wasio na VVU, wote wakipewa chuma na foliki, nusu wakiongezewa vitamini nyingine. Watoto wenye uzito mdogo walikuwa asilimia 7.8 dhidi ya 9.4. Usichanganye tu na kopo jingine lenye vitamini A ya aina ya retinoli: kuanzia uniti 10,000 kwa siku kwenda juu, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Na maini, gramu 100 tu, yana vitamini A ya zaidi ya wiki nzima. Mjamzito asiyageuze kuwa kitoweo cha kila siku.

Watoto

Matone ya vitamini A si biashara ya duka, ni huduma ya bure, na mtoto asiyakose. Kapsuli ya bluu yenye uniti 100,000 ni ya miezi 6 hadi 11. Nyekundu yenye 200,000 ni ya mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, kila baada ya miezi minne hadi sita. Ini la mtoto linaihifadhi na kuitoa kidogokidogo, ndiyo maana mara mbili kwa mwaka inatosha. Ndiyo maana pia kumwongezea sirapu yenye vitamini A wiki hiyohiyo hakufai. Akipewa leo kituoni na kesho kwenye kampeni, anaweza kutapika na kuumwa kichwa. Beba kadi yake ili iandikwe.

Chuma kwa mtoto kinataka uangalifu ambao wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Kisiwani Pemba watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa kwenye utafiti wa kuwapa chuma miligramu 12.5 na asidi ya foliki mikrogramu 50 kila siku. Wazo lilikuwa zuri, damu ipande. Mwaka 2003 kugawa chuma na foliki kukasimamishwa: waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 12 wa kulazwa au kufariki, na malaria ndiyo ilikuwa kwenye kiini cha tatizo. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Pengo lilikuwapo kwa baadhi, kidonge kikagawiwa kwa wote. Tangu hapo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba penye malaria chuma cha watoto kiende pamoja na chandarua, kipimo na tiba. Kwa mzazi maana yake ni rahisi: sirapu ya kuongeza damu isinunuliwe kwa kumtazama mtoto kope. Apimwe damu na malaria kwanza.

Kuhusu "vitamini za kumnenepesha mtoto", soma viambato. Nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Si vitamini.

Dawa nyingine zinapoingia

Sehemu hii naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu hapa makosa hayaonekani mpaka yamekomaa.

Anayetumia isoniazidi, kwa kutibu kifua kikuu au kukikinga, anahitaji vitamini B6, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, kwa sababu isoniazidi huivuruga B6 na miguu huanza kuwaka moto na kufa ganzi. Vidonge hivyo hutolewa pamoja na dawa. Usivitupe kwa kudhani ni vya ziada.

Lakini B6 hiyohiyo ikizidi kwa muda mrefu inaua neva na kuleta ganzi ileile. Vile vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12, ambavyo watu hununua kwa ajili ya maumivu ya mgongo na ganzi, baadhi vina B6 miligramu 100 au 200 kwa kidonge, wakati mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 2. Mtu anameza miezi minane, ganzi inaongezeka, anaongeza vidonge. Kama umevitumia zaidi ya wiki chache bila daktari kukupangia, simama na upimwe.

Mwenye kisukari anayetumia metfomini kwa miaka apimwe B12, maana metfomini hupunguza ufyonzaji wake, na ganzi ya B12 huchukuliwa kirahisi kuwa ganzi ya sukari. Wazee pia, kwa kuwa tumbo lao hutoa asidi kidogo, na mtu yeyote asiyekula kabisa vitu vya wanyama. B12 iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Unga wa mlonge hauna, na spirulina ina kitu kinachofanana nayo ambacho mwili hautumii. Asidi ya foliki nyingi inaweza kupandisha damu ya mwenye upungufu wa B12 huku neva zikiendelea kuharibika chini kwa chini. Kwa hiyo mzee mwenye ganzi na damu kidogo asipewe foliki peke yake.

Anayetumia ARV yenye dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi wako nayo sasa: chuma, kalsiamu, zinki na multivitamini yenye madini huishika dawa hiyo tumboni isiingie mwilini. Meza dolutegraviri saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baada yake. Ukishindwa kupanga saa, chuma, kalsiamu au multivitamini unaweza kuimeza pamoja na dawa, lakini kwa chakula, si tumbo tupu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazina nafuu hiyo ya chakula. Kwa hizo, fuata saa zilezile: dolutegraviri saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Mjamzito mwenye VVU anagongana na hili kila siku kwa sababu ya kidonge cha chuma, na rahisi zaidi ni kumeza kimoja asubuhi, kingine usiku. Chuma hushika pia antibayotiki za siprofloksasini na doksisaiklini. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kidonge chenye vitamini K bila kumwambia daktari.

Na vidonge vya nywele na kucha: vingi vina bayotini mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mahitaji ni 30. Bayotini ya kiasi hicho inaweza kupotosha vipimo vya tezi ya shingo na kipimo cha troponini cha mshtuko wa moyo. Mwambie mtu wa maabara.

Jua

Wamasai na Wahadza waliopimwa nchini Tanzania, matokeo yakatoka 2012, walikuwa na wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita, wakati kwa kawaida 50 huhesabiwa kuwa inatosha. Hawakuwa wamemeza kidonge chochote. Mtu anayefanya kazi nje Dodoma au Kisumu hana pengo hili.

Mswahili aliyehamia Leicester au Stockholm analo. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Uingereza haliwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha kwenye ngozi ya mtu yeyote, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi hata kiangazi. Ushauri wa serikali ya huko ni mikrogramu 10, sawa na uniti 400, kila siku majira ya baridi, na mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika mwili afikirie kumeza mwaka mzima. Mtoto anayenyonya apewe matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10. Mama anayeishi Muscat au Dubai, akitoka nyumbani kuingia gari, tena amejifunika, yuko karibu na hali ya Leicester kuliko ya Dodoma. Lakini dozi ya pengo ni ndogo. Usivuke uniti 4,000 kwa siku bila kipimo, kwa kuwa vitamini D haitoki na mkojo. Ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.

Sufuriani na kwenye lebo

Vitamini C na foleti zinaharibiwa na moto na kuyeyukia kwenye maji. Mchicha au matembele yapikwe kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa, dakika chache, na maji yasimwagwe. Kisamvu lazima kitwangwe na kichemshwe sana kwa sababu ya sumu yake, kwa hiyo usikitegemee kwa vitamini C. Ongeza mafuta au tui, maana karotini haifyonzwi bila mafuta. Dagaa waliwe wazima, na mawese mekundu ya Kigoma yakichemshwa mpaka yawe meupe yamepoteza karotini yake. Unga wa ngano, unga wa mahindi wa viwandani na mafuta ya kula vinatakiwa kisheria kuongezwa virutubishi Tanzania na Kenya. Angalia alama kwenye pakiti, hasa kama unga wa nyumbani kwako ni sembe.

Ukinunua, soma kiasi kabla ya jina. Multivitamini inayofaa ina asilimia karibu na 100 ya mahitaji ya siku kwa kila kitu. Ukiona asilimia 1,000 au 5,000, irudishe. Tofautisha "mg" na "mcg", ya kwanza ni kubwa mara elfu. Vitamini D uniti 40 ni mikrogramu moja. Kwenye chuma, uzito wa chumvi si uzito wa chuma: feri salfeti kavu ya miligramu 200 ina chuma cha kama miligramu 65, feri glukoneti ya 300 ina kama 35. Hifadhi pakavu, mbali na jiko na dirisha. Na vidonge vya chuma viwekwe juu, vimefungwa, hata kama vinafanana na pipi na mtoto anavililia. Vichache tu vya mama vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili. Akivimeza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na uende na pakiti, hata kama anacheza na haonyeshi dalili yoyote, kwa sababu baada ya kutapika kwa mwanzo huwa kuna saa kadhaa za nafuu ya uongo.